Bei imeandikwa, mahali pameandikwa, bado mtu anauliza "bei?" na "upo wapi?" Tatizo ni nini?

Dada wa Tegeta · Jumamosi, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wakuu.

Wiki iliyopita nilikuwa nauza friji. Nikapiga picha, nikaweka Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na maelezo haya, nayabandika kama yalivyo:

"NAUZA FRIJI. Milango miwili, used ya Dubai, lita 210. Halijawahi kufunguliwa na fundi. Rangi ya fedha, droo zote zipo, mpira wa mlango bado unashika vizuri. Bei 380,000, maongezi kidogo yapo. Nipo Tegeta Kibaoni, Dar es Salaam. Usafiri ni juu ya mnunuzi. Lipo kwenye umeme, njoo ulione linavyogandisha. PIGA SIMU, usitume meseji."

Nilikaa chini nikaiandika vizuri ili mtu asibaki na swali. Sasa oneni nilichovuna:

"Bei?"
"Bei gani dada"
"Mpo mkoa gani?"
"Linagandisha?"
"Mnaleta Mwanza mpaka mlangoni?"
"Hilo ni friji au friza"
"Nicheki inbox" (huyu sikujua nani anamuuzia nani)

Na wote hao wametuma meseji. Waliopiga simu wanahesabika.

Friji lilishauzwa Jumatano, kwa hiyo msianze. Swali langu ni moja: hatusomi, au tunasoma halafu tunauliza hivyo hivyo? Maana hata kazini ni yale yale. Natuma barua pepe fupi tu, najibiwa kwa swali ambalo jibu lake lipo mstari wa pili.

Mpita Njia · saa 2:14 usiku

Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

Chapchap · saa 2:15 usiku

Hatusomi, tusizungushane. Waliosema ukitaka kumficha Mtanzania kitu kiweke kwenye maandishi hawakukosea. Mtu anasimama kwenye meza ya magazeti, anasoma vichwa vya habari vya kurasa za mbele, anaondoka anakwenda kijiweni kuchambua siasa mpaka jioni. Hajanunua hata gazeti moja.

Nyanda za Juu · saa 2:31 usiku

Chapchap, huo msemo kila taifa linajisemea lenyewe. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alipima jinsi watu wanavyosoma kurasa za intaneti. Asilimia 79 walikuwa wanarusha macho tu, asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Hao hawakuwa watu wa Mbeya wala Mtwara.

Na mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine kwamba asilimia 59 ya watu wanasambaza habari mtandaoni bila kuzifungua. Ni binadamu wote, siyo sisi peke yetu.

Jicho Pembeni · saa 2:44 usiku

Nyanda, hapo kwenye 59 nakurekebisha. Si asilimia 59 ya watu, ni asilimia 59 ya viungo (link). Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wa Inria, taasisi ya utafiti wa kompyuta ya Ufaransa, waliangalia viungo vya habari vilivyosambazwa Twitter, wakakuta 59 katika kila 100 havikubonyezwa hata mara moja. Hiyo haituambii nani alisoma na nani hakusoma. Mtu anaweza kuwa ameisoma habari ile ile kwenye tovuti yenyewe, kisha akabandika kiungo ambacho wafuasi wake hawakukigusa.

Yaani mkuu umesoma kichwa cha habari cha utafiti unaohusu watu wanaosoma vichwa vya habari 😂

Nyanda za Juu · saa 2:47 usiku

Sawa mkuu, nimekupata. Ya Nielsen hujaigusa lakini.

Jicho Pembeni · saa 2:50 usiku

Ya Nielsen ipo sawa.

Dalali Mstaafu · saa 3:05 usiku

Vijana mnazunguka mbuyu. Nimefanya udalali wa viwanja, nyumba na magari kwa miaka mingi, ngoja niwape darasa la bure.

Mtu akiuliza "bei?" wakati bei ameiona, hajauliza bei. Anafungua maongezi. Ingia Kariakoo, duka lina shati limebandikwa 25,000. Mteja ataligusa, atalipindua, ataangalia mshono, halafu atasema "hii shingapi?" Muuza duka hamjibu "huoni karatasi?" Anamjibu "karibu boss, kwako 22." Tayari 3,000 imeshuka na hakuna aliyebembeleza. Mteja angesema "naona ni 25,000, naomba upunguze," angekuwa ameshaikubali 25 kama bei.

Sasa wewe dada umeandika mwenyewe "maongezi kidogo yapo". Umewaalika watu waongee, wamekuja kuongea, unawashangaa! Yule wa "bei gani dada" alikuwa anasubiri umwambie 350.

Kwa hiyo mimi nasema wamesoma. Tena wamesoma vizuri.

Dada wa Tegeta · saa 3:12 usiku

Dalali nimecheka, ila hiyo haielezi "mpo mkoa gani". Mkoa nao una maongezi?

Dalali Mstaafu · saa 3:13 usiku

Huyo hakusoma 😂

Kijana wa Simu · saa 3:26 usiku

Mimi nafanya kazi ya simu, ngoja nilete upande wa vifaa kabla hamjaanza kutukana akili za watu.

Kwanza Instagram. Ukipitisha kidole kule, maelezo yanakatwa baada ya herufi kama 125, mengine mpaka ubonyeze. Dada, hesabu herufi za tangazo lako mpaka ufike neno "Bei". Zimepita 150. Maana yake aliyekuwa anapita ameona friji, ameona Dubai, ameona lita, ameona rangi, labda na droo. Bei na Tegeta vimefichwa nyuma ya kile kineno kidogo cha kijivu. Halafu "piga simu" umeiweka mwisho kabisa, huko hafiki mtu.

Pili WhatsApp. Ukilituma kwenye kundi moja, watu wanalifowadi makundi mengine. Zamani ukifowadi picha maelezo yalibaki nyuma. Siku hizi yanaondoka nayo, lakini yanaweza kuondolewa. Na wapo wengi wanaopiga picha ya skrini, wanakata, wanaweka stetasi "jamani friji hilo" bila namba ya bei. Kwa hiyo anayekuuliza bei pengine hajawahi kuyaona maandishi yako. Ameona friji tu, na namba yako amepewa na shangazi yake.

Ushauri: bei na mahali viandike juu ya picha yenyewe, kwa maandishi manene.

Chapchap · saa 3:29 usiku

Mkuu unawatetea. Kubonyeza "zaidi" ni kidole kimoja. Kuandika "bei gani dada" ni vidole vingapi?

Kijana wa Simu · saa 3:33 usiku

Kweli, ila kuandika unaona faida yake. Kubonyeza hujui kama ndani kuna bei au kuna "kwa maelezo zaidi njoo inbox".

Bint Darajani · saa 3:40 usiku

Hapo hapo Kijana umenigusa ninapotaka. Mie niko Unguja, nanunua vyombo mtandaoni kila siku, na nasema wauzaji ndio mlotufunza tabia hii.

Nenda kwenye kurasa za nguo, mapazia, viatu. Picha nzuri, maua maua, mioyo mioyo, bei hakuna. "Bei DM." Unauliza DM, unajibiwa kesho. Mtu kashafundishwa miaka yote kwamba bei haiandikwi, huiulizi huipati. Sasa akitokea muuzaji mmoja mstaarabu kaandika, nani anahangaika kuitafuta? Mkono ushazoea, unaandika "bei?" kabla ya jicho kufika.

Sababu nyingine wanayoficha bei wanaijua wenyewe. Maswali yakiwa mengi chini ya picha, ukurasa unaonekana una watu.

Msumbufu · saa 3:48 usiku

Friji bado lipo?

Mpita Njia · saa 3:49 usiku

😂😂😂😂 Nimetoka kambini kucheka narudi

Chapchap · saa 3:49 usiku

Mheshimiwa hakimu, upande wa mashtaka umefunga ushahidi wake.

Dada wa Tegeta · saa 3:52 usiku

Jamani nimeandika kabisa "lilishauzwa Jumatano, msianze" 🤦🏾‍♀️

Msumbufu · saa 4:01 usiku

Punguzeni kelele, nimesoma uzi mzima kuanzia juu. Nimeona limeuzwa Jumatano. Nauliza kwa sababu najua "limeuzwa" ya mjini. Mtu anakwambia nishikie, nakuja na gari Ijumaa. Ijumaa anasema gari limeharibika, Jumapili hapokei simu. Friji lipo pale pale sebuleni na muuzaji kashawaambia watu wote limekwenda. Vitu vyangu viwili vya ndani nimevipata hivyo hivyo, kwa kuuliza kitu "kilichouzwa".

Sasa dada sema ukweli, limeshatoka ndani?

Dada wa Tegeta · saa 4:06 usiku

Limetoka, limebebwa na kirikuu nikiwa nimesimama. Ila wa kwanza aliyesema "nishikie" alinifanyia hivyo hivyo ulivyoeleza, sitakataa.

Dalali Mstaafu · saa 4:08 usiku

Msumbufu, ukitaka kazi ya udalali nitafute.

Mwl. Kisumu · saa 4:15 usiku

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Kuhusu "bado lipo?", huku watu wanatumia sana Marketplace ya Facebook, na pale kuna kitufe kinachokuandikia swali lenyewe. Unagusa tu, muuzaji anapokea "hii bado ipo?" Mtu hajatunga sentensi yoyote. Wengi wanagusa vitu kumi kwa dakika moja kisha wanangoja nani atajibu. Hapo hatuwezi kusema alisoma au hakusoma, maana hata kuuliza hakuuliza yeye.

Jicho Pembeni · saa 4:27 usiku

Nakumbuka mzaha mmoja wa tarehe 1 Aprili 2014. Redio ya umma ya Marekani, NPR, iliweka Facebook habari yenye kichwa kinachouliza kwa nini Wamarekani hawasomi tena. Ukiifungua unakuta maelezo mafupi: huu ni mzaha wa siku ya wajinga, tafadhali ukisoma hapa usitoe maoni, tuone wangapi watajibu kichwa cha habari peke yake. Nje kule watu wakamwaga povu. Wengine wakatetea kwamba wao wanasoma sana. Hawakufungua.

Wanorwei nao mwaka 2017 walijaribu dawa. NRKbeta, ukurasa wa teknolojia wa shirika lao la utangazaji, ukaweka maswali matatu ya kuchagua kuhusu habari husika. Huyajibu sawasawa, hupati nafasi ya kutoa maoni. Lengo lilikuwa kumpa mtu muda wa kupoa, na kuhakikisha wote wanazungumzia jambo lile lile.

Nashauri Dada naye aweke maswali: "Friji lina milango mingapi?"

Dalali Mstaafu · saa 4:30 usiku

Ukimpa mteja mtihani kabla ya kumtajia bei hutauza hata ndoo ya plastiki.

Shangazi Mkali · saa 4:41 usiku

Mmesahau jambo moja kubwa. UTAPELI. Mimi nasoma kila neno, naangalia picha zote, halafu namuuliza muuzaji bei na mahali kama vile sijaona. Mwenye mali yake atajibu "imeandikwa hapo dada, 380, Tegeta." Pengine kwa hasira kidogo, na hasira hiyo ndiyo naitaka. Tapeli kanakili tangazo la mtu, hakumbuki aliandika nini, atakwambia "350, nipo Mbezi, tuma ya usafiri kwanza." Hapo hapo namfunga.

Kwa hiyo wapo wanaouliza bila kusoma, na wapo tunaouliza KWA SABABU tumesoma. Kwa nje tunafanana.

Chapchap · saa 4:44 usiku

Shangazi wewe mmoja. Wengine tisa hawajasoma.

Shangazi Mkali · saa 4:45 usiku

Umewahesabu lini?

Mwalimu wa Kata · Jumapili, saa 1:20 asubuhi

Nimeukuta asubuhi, nimesoma wote. Mimi naenda shuleni kwa sababu ndiko mtoto anakojifunza kusoma kwa namna hiyo.

Angalieni ufahamu unavyofanywa. Tunawaambia wasome kifungu mara mbili ndipo waende kwenye maswali. Kule tuisheni wanaambiwa kinyume: anza na maswali, kisha rudi uwinde majibu. Mtoto anawinda kweli kweli. Swali likiuliza "Kwa nini mzee alikataa kuuza shamba?", anapitisha kidole mpaka aone neno "alikataa", ananakili sentensi nzima yenye neno hilo na nukta yake. Sababu yenyewe ipo aya mbili juu, ambako neno "alikataa" halipo. Akibahatika anapata. Mitihani mingapi amepita hivyo? Mtu huyo akikua, ukimwekea tangazo, anatafuta neno "Bei" palipo pake pa kawaida, mwanzoni. Asipoliona anahesabu halipo.

Na maelekezo ya mtihani ndiyo msiba. Karatasi imeandikwa "jibu maswali mawili katika sehemu hii", mtu anajibu yote manne, anakosa muda wa sehemu nyingine. Kila mwaka.

Mwl. Kisumu · saa 1:55 asubuhi

Mwalimu mwenzangu, hapo tunatofautiana. Kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari huku Kenya, karatasi ya pili ya Kiswahili (102/2) ufahamu una alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Mtahiniwa ana saa za kuhesabu. Nikimwambia asome maswali kwanza simfundishi uvivu, namwonyesha anachokitafuta. Hata wakili akifungua faili hasomi kama riwaya. Ufupisho ndio unaokulazimisha usome chote, kwa sababu huwezi kufupisha usichokijua. Shida si kuanza na swali. Shida ni kuishia kwenye sentensi ya kwanza inayofanana na swali.

Mwalimu wa Kata · saa 2:03 asubuhi

Mwanafunzi bora atafanya hivyo usemavyo. Mimi nasemea wale arobaini wengine darasani.

Bint Darajani · saa 2:30 asubuhi

Wallahi mtihani wa maelekezo umenikumbusha mikopo ya kwenye simu. Hapo ndio utajua kutosoma kunauma.

Shemeji yangu alipakua programu moja ya mikopo, sitaitaja. Laki moja na nusu tu. Ikamuuliza unaruhusu tuone namba za watu kwenye simu yako? Nakubali. Picha? Nakubali. Kachelewa kurejesha, wakaanza kutuma ujumbe kwa watu wote waliomo kwenye simu yake, mpaka imamu wa msikiti, kwamba fulani ni tapeli wa mikopo na wewe ndio mdhamini wake. Mke wake kapata ujumbe huo akiwa arusini.

Jicho Pembeni · saa 2:48 asubuhi

Hizo programu ndizo zilizofanya Benki Kuu ya Tanzania Novemba 2024 itangaze majina 69 ya zisizo na leseni na kuzifungia. Kenya walikuwa wameshaweka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022.

Na wasiosoma masharti wamejaa hata Ulaya. Mwaka 2017 kampuni moja ya waifai huko Manchester, inaitwa Purple, iliongeza kwa makusudi kipengele kwenye masharti yake: anayekubali atafanya saa 1,000 za kazi za jamii, ikiwemo kusafisha vyoo. Watu 22,000 wakabonyeza kukubali ndani ya wiki mbili. Kulikuwa na zawadi kwa atakayegundua kipengele hicho. Aligundua mtu mmoja.

Nyanda za Juu · saa 2:52 asubuhi

Chapchap upo? Hao 22,000 ni wa Nachingwea?

Chapchap · saa 2:58 asubuhi

Nipo. Nimesoma. Bado msimamo wangu ni ule ule.

Msumbufu · saa 3:10 asubuhi

Lakini tusimsingizie shemeji wa Bint. Hata angesoma kurasa zote zile za Kiingereza cha wanasheria, angefanya nini? Pale hakuna kitufe cha "nakubali yote isipokuwa kifungu cha 4". Kuna Nakubali, na kuna kulala njaa. Mtu anasoma kwa makini pale ambapo kusoma kunaweza kubadili kitu. Mpe mkataba wa kupangisha nyumba ambao anaweza kubishana nao, uone kama hatausoma mpaka muhuri.

Dalali Mstaafu · saa 3:15 asubuhi

Ndicho nilichosema jana. Kusoma tangazo hakukupunguzii shilingi. Kuuliza kunaweza kukupunguzia.

Ila kwenye mikataba ya nyumba unakosea Msumbufu. Nimesainisha wapangaji wasiopungua mtaa mzima. Wanaangalia tarakimu ya kodi, wanaangalia miezi mingapi inalipwa kwa mkupuo, wanasaini. Kifungu cha nani anatengeneza choo kikiziba wanakisoma siku choo kimeziba.

Muuguzi wa Zamu · saa 4:20 asubuhi

Nimetoka zamu, nimepitia uzi wote na sijaona hata mmoja aliyetaja MACHO.

Ukifika miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho inaanza kukakamaa, vitu vya karibu vinafifia. Utamwona mtu ananyoosha mkono kusoma simu mpaka mkono unaisha. Haumwi, ni umri. Utafiti uliofanyika vijijini hapa hapa Tanzania, ukachapishwa 2006, uliwakuta zaidi ya nusu ya waliovuka miaka 40 wana hali hiyo. Wengi hawana miwani na hawajui kama wanahitaji. Wanasema "simu yangu ina maandishi mabaya".

Huyo mtu ukimtumia tangazo la mistari saba, picha ya friji anaiona vizuri sana, maandishi anaona wadudu. Atafanya nini? Atauliza "bei gani dada". Anaona haya kusema hasomi vizuri. Pengine hata ule ujumbe ameusema kwa sauti simu ikauandika, au kaandikiwa na mjukuu. Tunakimbilia kusema mvivu, mjinga, hajaenda shule.

Huko Bangladesh walitoa matokeo mwaka 2024: watu wenye tatizo hilo, wanaofanya kazi za karibu na macho, waliopewa miwani ya kusomea ya kawaida, kipato chao kilipanda kwa karibu theluthi moja ndani ya miezi minane. Miwani tu.

Chapchap · saa 4:31 asubuhi

Hii ya macho sikuifikiria. Lakini wanaoniuliza mimi bei ni watoto wa chuo, macho kama ya mwewe.

Shangazi Mkali · saa 4:35 asubuhi

Eh! Chapchap amekubali kitu. Wekeni tarehe.

Kijana wa Simu · saa 4:40 asubuhi

Muuguzi asante sana. Kwenye simu kuna sehemu ya kukuza maandishi, ukienda kwenye mipangilio ya skrini. Wazee wanaoniletea simu "mbovu" nawakuzia, wanadhani nimebadilisha kioo. Wengine wanataka kunilipa ya kioo.

Dada wa Tegeta · saa 5:02 asubuhi

Asanteni wote, mmeniacha na kazi. Nimerudi kwenye meseji zile nikaziangalia upya. Yule wa Mwanza nilimjibu kwa kifupi cha ukali. Sasa hivi sijui kama alikuwa ametumiwa picha tupu, au anafungua maongezi kama anavyosema Dalali, au ananipima kama Shangazi. Wa "friji au friza" ndiye sijampatia maelezo mpaka sasa. Picha ilikuwa wazi.

Msumbufu · saa 5:06 asubuhi

Wa friji au friza ana biashara ya barafu, mwache. Lita 210 kwake ni ndogo, alitaka kujua kama kuna friza ndani ya stoo.

Mama Ntilie wa Zamani · saa 5:30 asubuhi

Mimi sijui tafiti. Nilikuwa na banda la chakula, ubao mkubwa mlangoni: wali maharage, ugali dagaa, bei zote kwa chaki. Mteja anasimama MBELE ya ubao, anausoma midomo ikicheza, anamaliza, ananigeukia: "Mama leo kuna nini?" Namtajia vilevile. Anaagiza. Nilikuja kuelewa kwamba ubao ni wa kuonyesha banda lipo wazi. Chakula kinatajwa na mtu. Unamwambia "dagaa wa leo watamu", hilo kwenye ubao halipo.

Nyanda za Juu · saa 5:34 asubuhi

Mama hii ni nzito kuliko Nielsen.

Jicho Pembeni · saa 5:41 asubuhi

Nzuri, ila inaeleza bandani tu. Kwenye barua pepe ya kazini ya Dada hakuna dagaa wa leo. Yule bosi anayeuliza kilichopo mstari wa pili anafungua maongezi gani?

Shangazi Mkali · saa 5:44 asubuhi

Bosi anataka ukirudie ili kikiharibika aseme ulimwambia wewe.

Mwl. Kisumu · saa 6:10 mchana

Mwalimu wa Kata, nimewaza ubishi wetu kanisani (Mungu anisamehe). Kesho nina Kidato cha Pili, mikondo miwili. Nitawapa kifungu kimoja. Mkondo mmoja wasome maswali kwanza, mwingine nawanyima maswali mpaka wamalize kusoma. Nitaleta alama hapa.

Mwalimu wa Kata · saa 6:18 mchana

Kubali, ila mikondo yako haiko sawa, kila shule ina mkondo wa "wajanja". Gawa kila darasa nusu kwa nusu. Na kifungu kisitoke kwenye vitabu vya marudio, watakuwa wamekariri majibu yake. Na angalau swali moja jibu lake lisiwe na neno lolote lililo kwenye swali.

Mwl. Kisumu · saa 6:22 mchana

Hilo la mwisho ndilo utakalonishindia, najua. Sawa. Tunga wewe hilo swali moja, nitumie leo kabla ya saa mbili usiku, mashine ya kutoa nakala hapa shuleni inafungwa mapema kesho.

Mwalimu wa Kata · saa 6:25 mchana

Natunga sasa hivi. Kifungu kinahusu nini?